Msitu wa Kilimanjaro haupandi, unashuka

SWALI: Nalima kahawa na migomba upande wa Machame. Mfereji wetu umepungua maji. Wengine wanalaumu barafu ya Kibo, kilele cha mlima, kuyeyuka. Wengine wanasema tusihofu, joto likizidi msitu utajisogeza juu wenyewe. Sasa amekuja kijana anauza miche ya mikaratusi, anasema inakua upesi na italeta mvua. Tununue?

JIBU: Msinunue.

Barafu inayeyuka kweli, zaidi ya asilimia 80 imetoweka tangu 1912, ila mchango wake katika mito ya mlima ni mdogo sana. Maji yenu yanatoka msituni.

Hilo la msitu kujisogeza juu ndilo linaloniumiza, kwa sababu linawafanya watu wakae wakisubiri. Ukilisikia lina mantiki: joto likipanda, mti wa chini unaweza kuishi juu zaidi. Lakini Kilimanjaro ukavu umeongezeka pia, na ukavu umeleta moto. Juu kabisa ya msitu, karibu na mita 3,000, kuna miti ya erika, ambayo huwaka hata ikiwa mibichi. Moto ulipokuwa ukija kwa nadra, erika ilipata muda wa kurefuka na podo, mti mwingine wa msitu huo, ikakua kati yake. Siku hizi moto unarudi kabla erika haijawa mti. Huchipua shinani, lakini inabaki kichaka. Podo haivumilii moto kabisa. Ndiyo maana tangu 1976 mpaka wa juu wa msitu umeshuka kwa mamia ya mita. Oktoba 2020 na Oktoba 2022 miteremko ya juu iliwaka tena.

Na kinachopotea si mbao. Erika ndefu, yenye ndevundevu zinazoning'inia matawini, hunasa ukungu na kuudondosha ardhini hata siku isiyo na mvua. Kichaka hakiwezi kazi hiyo. Andreas Hemp, mtafiti aliyeuchunguza mlima huu kwa miaka mingi, alikadiria kuwa maji ya ukungu yanayokoseka kila mwaka kwa sababu ya msitu ulioungua yanalingana na maji ya kunywa ya watu milioni 1.

Sasa mkaratusi uliopandwa kihambani, yaani shambani kwenu kando ya nyumba, chini kabisa ya ukanda huo, utanasa ukungu gani? Utakunywa maji ya mfereji uleule mnaoulilia. Hakuna mche unaoleta mvua, na anayewaambia hivyo anawauzia uongo. Nimeuona uongo huu kwenye milima ya Usambara na Uluguru pia: msitu wa asili unaungua au unakatwa, kisha watu wanapewa miche ya haraka na kuhesabiwa kwamba wamerudisha msitu. Safu ya miti ya aina moja haina podo wala mkulo, mti mkubwa wa msitu wa asili, na mkulo huchukua vizazi kukomaa. Kijiji kinachoridhika na idadi ya miche huacha kuuliza juu kumebaki nini.

Mikuyu, miruka na misesewe iliyo kando ya mfereji iacheni, na ndani ya mita 60 za chanzo cha maji msilime. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza. Mkiona moshi juu ya msitu, hasa Agosti hadi Oktoba, pigeni simu hifadhini siku hiyohiyo, hata kama mrina asali aliyewasha moto huo ni ndugu yenu.