Ukitaka kujua wimbo utakaodumu, shusha sauti

Vijana wanaoanza udiijei hapa Moshi huniuliza sana: katika nyimbo zinazovuma sasa, zipi watunze na zipi wafute kwenye flashi?

Mimi napimia harusini. Kiitikio kikifika nashusha sauti. Ukumbi ukiendelea kuimba wenyewe, mashangazi wakiwemo, wimbo huo unatunzwa. Watu wakigeuka kuangalia kama umeme umekatika, basi walikuwa wanachezea mdundo tu, na mdundo huchuja mapema.

Chukua "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, wimbo wa mwaka 1982 kutoka Mombasa. Ulikuwa wimbo wa mahoteli ya pwani. Leo wapagazi wa Kilimanjaro wanauimba huku wakipiga makofi, bila gitaa, na mlima wameshauingiza kwenye mashairi. Wimbo unaokubali kuongezewa maneno na kila anayeuimba hauhitaji redio tena.

Kwa hizi za karibuni, mimi nawekea dau "Sukari" ya Zuchu, ya 2021. Kiitikio chake hata mtoto anakiweza. "Muziki" ya Darassa na Ben Pol ni ya 2016 na bado inainua watu vitini, kwa hiyo hiyo nayo usiiguse. Nyimbo nyingi za Bongo zilizofuata mkumbo wa amapiano ya Afrika Kusini naona zitaondoka na mkumbo wenyewe. Singeli, ule muziki wa mbio wa Dar es Salaam, inanipa shida. Mimi maneno yananipita kwa ile kasi, ila vijana wa mtaani kwetu wanayo yote kichwani, hivyo huenda kipimo changu ni cha wazee.

Kuna na zinazofeli ukumbini ambazo sizifuti ng'o. X Plastaz wa Arusha walichanganya rap na uimbaji wa Kimaasai, na albamu yao ya "Maasai Hip Hop" ilitoka 2004. Ukiipiga kwenye kukata keki utafukuzwa. Lakini niambie ni nani mwingine anayesikika vile! Kitu cha namna hiyo huja kutafutwa baadaye, na atakayekuwa nacho ni wewe.

Unapotunza, andika jina la msanii na mwaka kwenye faili. Zile zilizozungushwa WhatsApp ziache, nyingi zimebanwa na kwenye spika kubwa zinakwaruza. Na nakala ya pili isikae kwenye begi moja na ya kwanza.