Muulize Maalim: Je, chuo cha Marekani huangalia jina la skuli?

Swali

Assalaam alaykum Maalim. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Wete. Binti yangu mkubwa yuko kidato cha tano, PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu), skuli ya Serikali hapa hapa Pemba, na hesabu anaziweza hasa. Anataka kuomba vyuo vya Marekani vinavyotoa ufadhili kamili. Shemeji yangu wa Dar es Salaam anasema tusijisumbue, vyuo vile vina skuli vinazojuana nazo, na mtoto wa skuli isiyojulikana hata fomu yake haisomwi. Ametutafutia nafasi katika skuli moja ya binafsi huko ambayo kila mwaka hubandika picha za waliopata Marekani. Ada yake hatuiwezi mpaka tuuze sehemu ya shamba la mikarafuu aliloacha marehemu baba yao. Nifanye nini?
*Mama wa Wete*

Jibu

Waalaykum salaam, dada yangu. Shamba usiuze. Nalitanguliza hilo kwa sababu najua mikarafuu ni nini kwa nyumba ya Kipemba iliyoondokewa na baba. Mengine tuyazungumze taratibu, maana shemeji yako hakubuni jambo lisilokuwapo.

Kujuana kupo. Ofisi za udahili za vyuo vya Marekani huwagawia maofisa wao maeneo: huyu husoma maombi ya jimbo fulani, yule ya Afrika. Ofisa akisoma maombi ya skuli ile ile mwaka baada ya mwaka, anaizoea. Anajua B ya pale ina uzito gani, na waliotoka pale walifanyaje walipofika chuoni. Skuli kubwa za kulipia, kama Phillips Exeter na Andover, zina washauri ambao kazi yao ni kuwaandaa vijana kwa maombi hayo tu, na maofisa wa vyuo huenda kuwatembelea. Hapo zamani, kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, vijana wa skuli za namna hiyo waliingia Harvard na Yale kwa makundi, na neno la mkuu wa skuli lilikuwa zito mno.

Siku hizi neno peke yake halitoshi, lakini halijapoteza nguvu. Mwaka 2023 wachumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman walitoa utafiti kuhusu vyuo 12 vya binafsi vinavyogombewa sana kule. Wakakuta kwamba mtoto wa familia iliyomo katika asilimia 1 ya matajiri ana nafasi zaidi ya mara mbili ya kusoma huko kuliko mtoto wa kipato cha kati mwenye alama zile zile za SAT au ACT, mitihani ya kuombea vyuo vya huko. Sababu walizotaja ni tatu: upendeleo kwa watoto wa waliosoma chuo hicho, nafasi za wanamichezo, na tathmini ya mambo yasiyo ya darasani, ambayo hutegemea pia skuli aliyotoka mtoto na barua alizoandikiwa. Hii ya tatu ndiyo inayoniuma mimi kama mwalimu. Watoto wawili wenye akili moja, mmoja kaandikiwa na mtu mwenye nafasi na ujuzi wa kuandika, mwenzake kaandikiwa mistari minne ya haraka haraka. Na msidhani ni sisi tu tunaoumia. Chama cha washauri wa skuli cha Marekani kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na katika skuli zao za umma wastani umekuwa ukizidi hapo. Mtoto wa maskini wa kule naye hana wa kumsemea.

Sasa tuje Wete. Fomu ya binti yako itasomwa. Mashaka yapo kwenye kueleweka. Tuseme ripoti yake ya muhula inasema Hesabu 66, Fizikia 71, Kemia 62. Kwetu, kwa alama za kidato cha sita, 66 ni C, 71 ni B, na A inaanzia 80. Huenda mtoto huyo ndiye wa kwanza darasani na walimu wanajivunia naye. Katika skuli nyingi za Marekani A huanzia 90, na 62 iko ukingoni mwa kufeli. Ofisa asiyeelezwa kitu ataona mwanafunzi dhaifu. Kwa mtoto wa Exeter hahitaji kuelezwa, ameshaizoea skuli ile. Kwa kiasi kikubwa huko ndiko kujuana kwenyewe, dada yangu, na skuli ya Wete inaweza kujijulisha kwa karatasi moja.

Karatasi hiyo ni wasifu wa skuli. Nimeiandika mara kadhaa nilipokuwa mwalimu wa taaluma katika skuli ya Serikali Unguja, na haina uchawi. Juu unaweka jina la skuli, mahali ilipo, idadi ya wanafunzi, na wangapi wako kidato cha sita. Unaeleza kwamba mtihani wa mwisho ni wa taifa, unatungwa na kusahihishwa na NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, si walimu wa skuli. Kisha jedwali: A ni 80 hadi 100, B 70 hadi 79, C 60 hadi 69, D 50 hadi 59, E 40 hadi 49, S 35 hadi 39, F ni chini ya 35. Unaeleza kwamba daraja la kwanza ni pointi 3 hadi 9. Unaweka matokeo ya skuli ya miaka mitatu iliyopita, daraja kwa daraja, hata kama hayapendezi. Chini unaeleza hali: maabara ina nini, intaneti ikoje, wanafunzi wanatembea umbali gani. Walimu wengi huona haya kuandika kwamba darasa zima linagombania hadubini mbili. Andikeni. Ofisa humpima mtoto kwa kile alichofanya na kile alichokuwa nacho, na hawezi kukijua msipomwambia.

Wasifu huo huenda pamoja na fomu ya skuli. Vyuo vingi hutumia mfumo wa maombi wa mtandaoni uitwao Common App, ambapo mwalimu mkuu au mwalimu wa taaluma hufungua akaunti yake mwenyewe na kupakia matokeo, wasifu na barua. Ataulizwa mtoto ni wa ngapi, kati ya wangapi, na masomo yake ni magumu kiasi gani yakilinganishwa na yanayofundishwa hapo skuli. Kwa mtoto wa PCM swali hilo la mwisho ajibu bila woga. Tarehe za mwisho kwa kawaida ni 1 Novemba kwa wanaowahi, na mwanzoni mwa Januari kwa wengine. Wakati huo binti yako atakuwa kidato cha sita, NECTA bado, kwa hiyo atatumia matokeo ya kidato cha nne, ripoti za skuli na makisio ya walimu. Makisio hayo yasikwezwe. Matokeo halisi yatakapotoka, chuo kitaviweka viwili hivyo sambamba, na atakayekuja kuulizwa ni mtoto mwengine wa skuli hiyo hiyo miaka inayofuata.

Kuhusu picha za ukutani. Mwaka 2018 gazeti la New York Times lilifichua skuli moja ndogo ya binafsi huko Louisiana iliyopata sifa kwa video za wanafunzi wakishangilia kupokelewa vyuo vikubwa, kumbe rekodi za masomo zilikuwa zimeghushiwa. Sisemi skuli ya shemeji yako ni ya namna hiyo. Nasema muulizeni mambo matatu: mwaka jana walioomba ni wangapi, waliopata ni wangapi, na karo ya chuo inalipwa na nani. Mtoto aliyelipiwa na babake hakukuonesha njia ya ufadhili. Isitoshe, binti akihamishwa sasa, nani atamwandikia barua? Watu waliomjua miezi michache.

Kuna ujuano mmoja ulio wazi, nao ni kwa mdogo wake ikiwa yuko kidato cha tatu au cha nne. Skuli za kimataifa za UWC (United World Colleges), ambazo hapa Tanzania zina kampasi Moshi na Arusha, huchagua vijana kupitia kamati za taifa, na ufadhili hutegemea uwezo wa familia. Tangu mwaka 2000 mpango wa Davis huvipa vyuo kadhaa vya Marekani fedha za kuwasaidia wahitimu wa UWC vinaowapokea. Huo ni uhusiano uliotangazwa, na mtoto wa Pemba anaruhusiwa kuuomba.

Binti achague vyuo kwa makini. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst havimhesabii mwanafunzi wa kigeni umaskini wake wakati wa kumchagua, na vikimchukua hukidhi mahitaji yake yote ya fedha. Vyuo vingi vingine huangalia uwezo wa kulipa kwa mgeni, basi asivirundike kwenye orodha kwa sababu ya majina tu. Aulizie pia hali ya viza ya wanafunzi kwa Watanzania, maana hubadilika. Aombe na nyumbani: SUZA, chuo kikuu chetu cha taifa hapa Zanzibar, wataangalia pointi zake, na tawi la IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, lililofunguliwa hapa Zanzibar mwaka 2023, lina mtihani wake wa kuingilia.

Swali

Maalim, mie nasomesha Kemia Makunduchi. Mzazi mmoja kaniletea barua ya kumpendekeza mwanawe chuo cha nje, imeshaandikwa yote, anataka nisaini tu. Kijana mwenyewe ni mzuri na mzazi ni mtu wangu wa karibu. Nifanyeje?
*Mwalimu, Makunduchi*

Jibu

Usisaini. Mwambie mzazi kwa upole kwamba utaandika mwenyewe, kisha uandike kweli. Barua za kununua na kunakili zinafanana: kijana mchapakazi, mwenye nidhamu, kiongozi bora. Ofisa anazisoma hizo tangu asubuhi. Wewe umemwona kijana wako akirudia jaribio mara ya tatu kwa sababu rangi haikutulia, au akibaki baada ya kipindi kumwelekeza mwenzake moli ni nini. Liandike hilo, na siku ilivyokuwa. Sema yuko wapi ukimpima na wanafunzi wote uliowasomesha. Ukurasa mmoja unatosha. Kiingereza kikikukwama, mwombe mwalimu wa Kiingereza asahihishe sarufi tu, na mambo uliyoyaona ayaache kama ulivyoyaandika.