Bia imegoma kwenye 1.022: je, nifunge chupa?

SWALI: Nimepika lita 20 za bia kwa kilo 4.5 za kimea cheupe na hopsi kidogo (maua ya kuipa bia uchungu). Kimea nilikiloweka saa nzima kwenye nyuzi 70, na hamira ilikuwa pakiti moja kavu ya gramu 11. Haidromita (kipimo cha densiti, ambayo hushuka kadiri hamira inavyokula sukari) ilionyesha 1.050 mwanzoni. Siku ya tano ilisoma 1.022, na leo siku ya tisa bado ni 1.022. Kizibo cha maji, kinachopitisha gesi ya uchachukaji, kimenyamaza kabisa. Maelezo ya pishi yanasema bia inapaswa kuishia 1.012. Naweza kutia sukari na kuijaza kwenye chupa?

JIBU: Usijaze hata chupa moja kwa sasa. Nalitanguliza hili kwa sababu kosa hapa linaweza kumjeruhi mtu.

Fanya hesabu pamoja nami. Kila nukta moja ya densiti inayoshuka ndani ya chupa iliyofungwa, yaani kutoka 1.022 hadi 1.021, huzalisha takriban nusu ujazo wa gesi (ujazo mmoja ni lita moja ya gesi kwa kila lita ya bia). Bia ya kawaida hufungwa ikiwa na ujazo wa gesi kama 2.5. Ikiwa bia yako ina nukta 10 zilizobaki, yaani kutoka 1.022 hadi 1.012, na hamira ikazinduka baada ya kufunga, utaongeza ujazo wa 5 juu ya ule wa sukari uliyotia. Chupa ya kawaida ya bia haikuundwa kwa shinikizo hilo. Hupasuka, na vipande vyake hurukia macho.

Kunyamaza kwa kizibo hakuthibitishi chochote. Kifuniko kikiwa na upenyo mdogo tu, gesi hupita huko na kizibo hakitoi povu, ilhali hamira inafanya kazi. Vilevile joto likipanda, gesi iliyoyeyuka hutoka na kizibo huchezacheza ingawa uchachukaji ulikwisha. Anayesema kweli ni haidromita. Nayo ihakiki: katika maji safi ya nyuzi 20 isome 1.000. Sampuli ya bia itikise kwanza gesi itoke, kwa maana mapovu yakishika kwenye kioo huinua haidromita na kukupa namba kubwa kuliko iliyopo. (Wanaotumia refraktomita, kifaa kinachopima sukari kwa mpindo wa mwanga, wawe waangalifu zaidi. Pombe hupotosha kipimo chake, hata bia iliyoanza 1.050 na kufika 1.012 huonekana kama iko 1.025 hivi, mpaka uisahihishe kwa fomula.)

Tukichukulia kwamba kipimo chako ni sahihi, mimi macho yangu yako kwenye zile nyuzi 70. Kimea kina vimeng'enya viwili vinavyokata wanga. Beta-amilesi hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 60 na 65, na hutoa maltosi, sukari ambayo hamira huila yote. Alfa-amilesi hupenda joto zaidi, karibu nyuzi 70, na hukata wanga ovyo ovyo, ikiacha vipande virefu viitwavyo dekstrini. Hamira ya kawaida haiwezi kuvila. Kwenye nyuzi 70 beta-amilesi hufa mapema kabla ya kumaliza kazi yake, kwa hiyo kuishia 1.020 au 1.022 si ajabu hata kidogo. Na kipimajoto chako kikidanganya kwa nyuzi mbili, ulikuwa kwenye 72. Kichovye kwenye maji yenye barafu iliyopondwa. Kinatakiwa kusoma 0.

Lakini dhana haitoshi kufungia chupa. Kuna jaribio ambalo ningependa kila mpikaji alizoee. Chota mililita 250 za bia kwenye chupa safi, tia hamira kavu kwa wingi, kijiko cha chai kizima, funika kwa foili bila kukaza. Iweke mahali penye nyuzi 25 hadi 27 na uitikise kila unapopita. Baada ya siku tatu pima, kisha imwage.

Sampuli ikishuka hadi 1.012, sukari ipo na hamira kwenye chombo kikubwa imelala. Mara nyingi chanzo ni baridi ya usiku, au hewa kidogo siku ya kwanza, kwani hamira huhitaji oksijeni mwanzoni ili kujenga ngozi imara ya seli. Pakiti ya gramu 11 yenyewe inatosha lita 20, mradi haikuwa nzee. Pandisha joto la chombo hadi nyuzi 21 au 22, kizungushe taratibu hamira iliyotulia chini inyanyuke, subiri siku tatu. Usikoroge kwa kupiga hewa. Oksijeni kwa hatua hii huiachia bia ladha ya karatasi iliyolowa. Isiposogea, usinyunyize hamira kavu juu, maana itaangukia kwenye pombe bila chakula cha kuanzia. Iamshe kwanza kwenye lita moja ya maji ya kimea yaliyochemshwa na kupoa, na uimimine wakati povu lake limejaa juu.

Sampuli ikibaki 1.022, bia yako imekwisha. Ina pombe karibu asilimia 3.7, itakuwa nzito mdomoni na yenye utamu, na inanyweka vizuri. Wapo wanaotia kimeng'enya cha glukoamilesi kuvunja dekstrini. Mimi sishauri: hakijui pa kuishia, na bia hukauka hadi karibu na 1.000. Kwa sababu hiyo hiyo takasa mipira na chombo kwa uangalifu mkubwa. Hamira ya aina ya diastaticus, inayopatikana katika baadhi ya hamira za bia za Saison (mtindo wa bia wa Ubelgiji), hubeba kimeng'enya chake na ikibaki kwenye vifaa itakula dekstrini ndani ya chupa polepole kwa wiki nyingi.

Kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, chupa zifungwe densiti ikiwa imesimama pale pale kwa siku tatu mfululizo, na iwe ndiyo ile uliyoiona kwenye jaribio. Hapo sukari gramu 120 kwa lita 20 inatosha: iyeyushe kwenye maji uliyochemsha, ipoe, imimine chini ya chombo cha kujazia kisha uvute bia juu yake kwa mpira ijichanganye yenyewe. Chupa zikae wiki mbili kwenye nyuzi 20 ndani ya boksi lililofunikwa. Siku ya saba fungua moja. Ikifoka hadi kumwagika, ziingize zote kwenye friji siku hiyo hiyo ukiwa umevaa glavu na miwani, na zikishapoa kabisa legeza vifuniko gesi ipungue.