Jibu: Msuko wa sweta ya mtoto haunyanyuki

Waalaikum salaam dada wa Wete. Unasema msuko wako wa vitanzi 6, ule mchoro wa kufuma unaofanana na kamba iliyosokotwa, umelala bapa, na pembeni una matundu; tena wauliza utaupelekaje hadi shingoni.

Kabla hujafumua, tazama vitanzi vilivyopakana na msuko. Nahisi umevifuma laini kama msuko wenyewe. Viwili kila upande viwe vya kinyume, vile vyenye vinundu kwa mbele, ndipo msuko utatokeza.

Matundu ni jambo jengine. Uzi wa pamba hauvutiki kama sufu, na kwa joto letu hili nani atamvisha mtoto sufu? Ukishavusha vitanzi 3 juu ya 3, yaani kuvipishanisha ili msuko ujisokote, kitanzi cha kinyume kinachofuata kikaze vizuri. Sindano ya kuvushia, ile ya kushikilia vitanzi 3 vinavyosubiri, si lazima; mimi natumia kijiti cha mshikaki, nimekikata na kukipiga msasa kisichomoe nyuzi. Kiweke mbele kila mara, kikienda nyuma msuko unalalia kulia. Vusha upande wa mbele tu, kila mstari wa 6.

Msuko pia hubana upana, kwa hivyo fuma kipande cha kupimia kwanza. Kuupeleka hadi shingoni sijawahi, hapo tumsubiri mwengine.