Nianze na mchoro upi?

SWALI: Shikamoo mzee. Nasoma TEHAMA mwaka wa tatu, kwetu Chumbageni. Mradi wangu ni mfumo wa mawasiliano ya uokoaji baharini, na mwalimu anataka tutumie DoDAF, kiunzi cha usanifu cha Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Michoro ni mingi mpaka kichwa kinauma. Yote ya nini, na nianzie wapi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Michoro hiyo ina sababu. Mwaka 1983, Marekani ilipovamia Grenada, vikosi vya nchi kavu na vya majini vilipata taabu kuwasiliana kwa sababu redio zao hazikupatana. Ndiyo kawaida, kila kikosi kikijinunulia vyake. Ili mifumo ichorwe kwa namna moja na mapengo kama hayo yaonekane mapema, mwaka 1996 kikatoka kiunzi cha C4ISR (mifumo ya amri, mawasiliano na upelelezi), na 2003 kikaja DoDAF. Waingereza nao wakaunda kiunzi chao, MODAF, NATO ikawa na NAF.

Michoro ya OV ni ya shughuli, nani anafanya nini. Usianze na OV-1, ile picha kubwa ya meli, ndege na mishale ya radi. Hiyo ni ya kuwaonyesha wakubwa. Anza na OV-3, jedwali la nani anampa nani taarifa gani, na kwa haraka ipi. Shuka mwalo wa Deep Sea, hapo Tanga, asubuhi vyombo vinapoingia, uwaulize wavuvi: ukipata shida huko nje, unamwambia nani? Wengi watakuonyesha simu ya mkononi. Mtandao ukikata, basi tena. Meli inayopita jirani inasikiliza chaneli 16 ya redio ya VHF, ile ya dharura, megahezi 156.8, ila mvuvi hana redio ya kuiita. Andika mstari mmoja tu, "mvuvi, nahodha wa meli ya karibu, mahali alipo, papo hapo", pengo utaliona. Ukianza na michoro ya mitambo, ile ya SV, utaona minara ipo na redio zipo, uridhike.

Mingine usijitwishe. Toleo la 2.0 la DoDAF, la mwaka 2009, lenyewe linataka uchore inayofaa kazi yako, mwonyeshe mwalimu.

Ila DIV-2, mchoro wa data, usiuruke. Mvuvi atakutajia jina la mwamba na upande alioelekea. Nahodha anataka latitudo na longitudo. Amua mapema nani atageuza hilo kuwa hili, kabla hujagusa bei ya redio.