Mti wa hitilafu au mnyororo wa Markov?

Ndugu, umeuliza iwapo mti wa hitilafu unatosha kuchambua umeme wa dharura wa hospitali yenye jenereta mbili, au ni lazima utumie mnyororo wa Markov, yaani hesabu inayofuatilia uwezekano wa mfumo kuhama kutoka hali moja hadi nyingine. Ningeanza na mti, kwa sababu mbinu hiyo, iliyobuniwa Bell Laboratories mwaka 1962 kwa ajili ya makombora ya Minuteman, hukulazimisha kutaja kwanza tukio unaloliogopa, kisha kushuka hadi kwenye vyanzo vyake kupitia malango ya "na" (vyanzo vyote lazima vitokee) na "au" (kimoja kinatosha).

Hatari iko kwenye lango la "na". Ikiwa kila jenereta ina uwezekano wa 0.01 wa kutowaka, utashawishika kuzidisha na kupata 0.0001, ilhali hesabu hiyo ni halali endapo tu hitilafu hizo hazihusiani. Jenereta zinazotegemea tangi moja la mafuta, au zilizowekwa katika chumba kimoja cha chini, hazina uhuru huo. Kule kwenye kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani, mwaka 2011, maji ya tsunami yalizima jenereta nyingi za dharura kwa pamoja. Chanzo cha pamoja kipe tawi lake.

Hamia kwenye Markov pale matengenezo yanapobadilisha jibu, kwa mfano fundi mmoja akitengeneza jenereta moja huku ya pili ikibeba mzigo wote. Lakini vifaa 10 vyenye hali mbili kila kimoja (kizima au kibovu) huzaa hali 1,024, na umbo la kawaida la mbinu hiyo huchukulia kuwa kasi ya hitilafu haibadiliki, jambo ambalo kwa betri iliyochakaa si kweli.