Mfereji wa kale: kompyuta inaupandisha mlima
Ndugu, umesema chemchemi unaijua, birika la mjini lililopokea maji yake unalijua, ila mfereji wa kale wa kati yake umepotea, na modeli yako ya kompyuta ya kukisia njia yake inaupandisha mlima. Tatizo ni data. Ramani za setilaiti zenye kipimo cha kimo cha ardhi kila mita 30 hukosea kimo kwa mita kadhaa, ilhali mfereji wa Nîmes, Ufaransa, wa kama kilomita 50, unashuka mita 12 na ushei tu! Tafuta data ya laida, yaani vipimo vya ardhi vinavyochukuliwa kwa miale ya leza, kipimo kila mita 1. Iambie programu ifuate mteremko mdogo usiokatika, ipitie kila kipande cha mfereji ulichokwisha kupima. Kisha nenda kwa miguu: ukikuta gamba gumu la chokaa lenye matabaka kama kitunguu, maji yalipita hapo. Usichimbe, waite wanaakiolojia wenye kibali. Handaki usiingie kabisa, hewa ya humo yaweza kuua.